Mwenyekiti wa Mwaka Mmoja

Wako watu ambao, wakisikia kwamba chama fulani hubadili mwenyekiti wake kila mwaka, hutikisa kichwa. Huuliza: mtu huyo atajifunza kazi lini, na ataifanya lini? Mimi niliyemaliza juzi mwaka wangu katika kiti cha chama chetu kidogo cha huduma hapa Bonga nimeulizwa swali hilo njiani, sokoni, hata msibani, na kila mara nimejibu kwa maneno machache kwa kuwa mahali penyewe hapakuruhusu mengi. Leo ninayo nafasi, nami nataka kulijibu kwa kirefu, kwani ndani ya swali hilo mna jambo linalovihusu vyama vyote vya kujitolea katika nchi yetu.

Kwanza, kwa faida ya msomaji asiyetufahamu. Bonga ni kata ya Halmashauri ya Mji wa Babati, mkoani Manyara, na msafiri atokaye Babati mjini kwenda Kondoa na Dodoma hupita kwetu. Njia hiyo ni sehemu ya ile barabara kuu ya zamani ambayo wakoloni wa Kiingereza waliota kuifikisha kutoka Cape Town hadi Cairo. Kipande cha kutoka Bonga hadi Mela, kilomita 88.8, kilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, mpaka lami ilipokamilika na barabara yote ya Dodoma hadi Babati ikafunguliwa rasmi mwezi Aprili 2018. Jirani zetu ni Ziwa Babati na viboko wake, na mlima Kwaraa wenye msitu. Wilaya hii ina Wagorowa na Wairaqw wenye lugha za Kikushi, Warangi na Wambugwe wenye lugha za Kibantu, na Wabarabaig ambao lugha yao ni ya Kinailoti. Wote hao huuziana, huoana, na huzikana. Katika mikutano yetu mzaha huanza kwa lugha tatu na hoja humalizwa kwa Kiswahili.

Chama chetu hakina jina kubwa wala ofisi. Wanachama wake ni walimu, wakulima, mafundi, wenye maduka, muuguzi na dereva. Hukutana mara mbili kwa mwezi katika darasa la kuazima, baada ya watoto kwenda nyumbani. Ndiyo maana wazee wetu hukaa mkutano mzima magoti yakiwa karibu na kidevu, na labda ndiyo sababu mikutano yetu haiwi mirefu. Hatukuzaliwa na Rotary wala Lions, na hakuna mtu wa ng'ambo atuleteaye bendera. Lakini desturi ya kubadili kiti kila mwaka tumeiiga kwao, na si vibaya kukiri mahali ulipochota mbegu.

Rotary ilianza tarehe 23 Februari 1905, mwanasheria Paul Harris alipokutana na wenzake watatu mjini Chicago. Walikutana kwa zamu katika ofisi ya kila mmoja wao, na jina la chama likatokana na kule kuzunguka. Lililo la maana kwetu ni kwamba Harris, mwenye wazo lake mwenyewe, hakukikalia kiti. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Harris alipata zamu yake mwaka 1907, akiwa wa tatu. Tena kazi yao ya kwanza ya kuuhudumia umma haikuwa hospitali wala sanamu katikati ya mji. Ilikuwa kuushawishi mji wa Chicago ujenge vyoo vya watu wote. Nilipowasomea wanachama wetu habari hiyo walicheka kwanza, kisha wakanyamaza, kwa sababu ambayo msomaji ataiona baadaye.

Katika Afrika Mashariki chama hicho kilifika Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Wakati wa ukoloni wengi waliokaa katika meza zake walikuwa Wazungu na Waasia wa mijini. Mwafrika aliviona vyama hivyo kwa mbali, aghalabu akiwa amebeba sinia. Wanawake nao walifunguliwa mlango rasmi mwaka 1989. Hayo hayafichiki, wala hayafuti jambo jema waliloligundua, nalo ni kwamba kazi ndefu yaweza kufanywa na watu wa zamu fupi. Mwaka 1985 Rotary ilianza kampeni yake ya dunia ya kuwachanja watoto dhidi ya polio. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena virusi vya asili vya ugonjwa huo. Kati ya tarehe hizo mbili wenyeviti wa dunia zaidi ya thelathini walipokezana kiti, kila mmoja kwa mwaka wake. Mganda Sam Owori alichaguliwa kuwa mmoja wao, aongoze mwaka wa 2018 hadi 2019. Akafariki Julai 2017 kabla zamu yake haijafika. Nafasi yake ikashikwa na Barry Rassin wa Bahamas, na chanjo hazikusimama hata siku moja. Hapo ndipo penye jibu la nusu ya swali niliulizwalo. Nusu ya pili iko Bonga, nayo ni ngumu zaidi, kwa sababu sisi hatuna makao makuu ya kutukumbushia tulipoishia.

Mwaka wa chama chetu huanza Julai 1 na kwisha Juni 30. Wengine husema ni kuiga tu. Mimi nasema, kama ni kuiga, tumeiga kwa bahati njema, kwani tarehe hizo zalingana na shamba. Hapa kwetu mahindi na mbaazi hupandwa pamoja mvua zinapoanza. Mahindi huvunwa kwanza, yapata Juni na Julai, na mbaazi hufuata baadaye, mpaka Septemba au hata Oktoba. Mwenyekiti mpya, basi, hukalia kiti wakati ambapo magunia yako ndani na watu wanaweza kutoa ada bila kununa. Ikifika Januari na Februari, watu wakiwa palizini na akiba ikiwa imepungua, hakuna mwenyekiti mwenye akili atakayepitisha bakuli. Anayekusudia kukusanya fedha na azikusanye kabla ya Desemba. Baada ya hapo na akusanye nguvu za mikono.

Na hata magunia yenyewe si ya kuaminika kila mwaka. Wakulima wa Babati hawajausahau mwezi wa Agosti 2017, Serikali ya India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi za kuingia nchini humo kwa mwaka. Soko letu kubwa lilikuwa huko, na bei ikaporomoka hata watu wengine wakaona kuvuna ni hasara juu ya hasara. Amri moja iliyoandikwa New Delhi iliingia katika kila nyumba ya kata hii, na iliingia katika daftari la ada la kila chama. Namtajia msomaji habari hiyo ili ajue kwamba mhazini wa chama cha kijijini naye hufanya biashara ya dunia, apende asipende.

Sasa Julai 1 hiyo hiyo ni siku ya kwanza ya mwaka wa fedha wa Serikali. Hapa pana mtego ambao wenyeviti wapya hawauoni mpaka umewabana. Mtu huchaguliwa akiwa na shauku, wiki ya kwanza huandika barua kwa Halmashauri kuomba saruji au mabati, na hujibiwa kwa upole kwamba bajeti imekwisha kupita. Ndivyo ilivyo. Mapendekezo ya mitaa na vijiji hupanda kwenye kata, kutoka kata hufika kwenye Halmashauri, na Bunge hukaa kujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Ombi linalotaka kuingia humo yafaa liwe limeandikwa mapema, mwaka wa kalenda uliotangulia. Maana yake ni kwamba lolote mwenyekiti wa mwaka mmoja atakaloliomba Serikalini, likikubaliwa, litamfikia mrithi wake. Na lolote atakalolipokea liliombwa na aliyemtangulia. Mimi nilipokea mifuko ya saruji iliyoombwa kwa sahihi isiyokuwa yangu. Nimeandika barua ambayo jibu lake litafunguliwa na mwingine. Mtu asiyeweza kuyastahimili hayo asikubali kuchaguliwa.

Kisa cha vyoo ndicho kilichotupima. Mtangulizi wangu aliacha boma la vyoo vya wasichana katika shule moja ya msingi: shimo limechimbwa na kujengewa, kuta zimefika usawa wa kifua, fedha zimekwisha. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa boma ni nini. Ni jengo ambalo wananchi wamelipandisha kwa nguvu zao, likasimama bila paa likingoja bati, na kila mvua inayonyesha hulirudisha chini kidogo. Nchi nzima ina maboma. Mengine ni madarasa, mengine zahanati, mengine nyumba za walimu, na nyuma ya kila moja yuko mwenyekiti wa kitu fulani aliyepigiwa makofi siku ya kuweka jiwe la msingi.

Mkutano wetu wa kwanza ulipofika kwenye ajenda ya kazi za mwaka, karibu kila mtu alikuja na jambo jipya. Mmoja alitaka maktaba. Mwingine alitaka kisima. Wa tatu, mtu mwema kabisa, alitaka bango kubwa kandokando ya lami lenye jina la chama, ili wapitao kwa basi wajue kwamba Bonga napo pana watu. Nilipotaja vyoo, yalikuja maneno ambayo nadhani kila mwenyekiti wa zamu huambiwa: Ndugu Mwenyekiti, vile ni vya mwaka jana, wewe utakumbukwa kwa lipi? Ndipo nilipowasomea habari ya Chicago.

Kipimo cha Serikali kwa shule zetu ni tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Mwalimu yeyote ataweza kukwambia shule yake iko mbali kiasi gani na kipimo hicho, hasa tangu elimumsingi ilipoanza kutolewa bila ada Januari 2016 na watoto wakamiminika. Wakati ule taifa zima lilihimizwa kutengeneza madawati, na yakatengenezwa. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo uliotolewa kwa ajili ya UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache. Ni jambo la kusifiwa, na hakuna chama cha huduma duniani kingeweza kulifanya. Lakini dawati na darasa hupigwa picha, na choo hakipigwi picha. Msichana wa darasa la sita anayekosa choo chenye mlango na maji hasemi neno. Hukaa nyumbani siku nne au tano kila mwezi, na mwisho wa mwaka huambiwa hana akili. Ilikuwa mama mmoja, muuguzi wetu, aliyeyasema hayo mbele ya wanaume wote wale, bila kupunguza wala kupamba. Baada yake hoja ya bango haikupata mtu wa kuiunga mkono.

Tulikwenda kwa msaragambo Jumamosi moja baada ya nyingine. Wazazi walileta mchanga na mawe. Wenye mikokoteni ya ng'ombe wakasomba maji. Fundi mwashi, mwanachama wetu, alilipwa nusu ya ujira wake wa kawaida na hakudai zaidi. Na hapa naomba nitoe neno la pembeni. Kuna mazoea ya kuwasifu wananchi kwa kujitolea kana kwamba jasho lao halina bei. Lina bei. Siku ya mkulima katika msimu wa palizi ni magunia atakayoyakosa Julai. Chama chenye haki huandika katika daftari lake siku za kazi kama kinavyoandika shilingi, na huchagua Jumamosi zake kwa kuangalia mbingu. Sisi tulisimamisha kazi ya vyoo kabisa wakati wa kupanda, tukaonekana wavivu, tukaanza tena mashamba yalipokuwa safi.

Wazee wetu walikwisha kuiona njia hii kabla yetu. Mara baada ya uhuru, na hasa tangu mwaka 1962, Tanganyika yote iliitika mwito wa kujenga taifa. Barabara, shule na zahanati zilijengwa kwa mikono, kwa moyo ambao sisi wa leo tunausoma tu. Walakini yalitokea pia majengo yaliyomalizika yakakosa muuguzi, na madarasa yaliyokosa mwalimu, kwa kuwa kujenga kulikwenda mbio kuliko kutunza. Ndivyo ilivyokuwa kwa maji vilevile. Mwaka 1971 Serikali ilikusudia kwamba katika miaka ishirini kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1991 ukafika, na miradi mingi ilikuwa imesimama. Pampu zilikuwapo, lakini hakukuwa na dizeli, vipuri, wala mtu wa kuulizwa. Sera ya maji ya mwaka huo, na ile ya 2002, ikawataka watumiaji wenyewe wachangie na kuendesha. Na sheria ya 2019 iliyoanzisha Wakala wa Maji Vijijini ikaviweka vyombo vya watumia maji mahali pake kisheria. Miaka arobaini na minane ilipita kati ya azimio la kwanza na sheria hiyo, nchi ikijifunza jambo ambalo mama yeyote mwenye mtungi angeweza kulieleza: kupata maji leo ni habari moja, kupata maji kesho ni habari nyingine.

Kwa sababu hiyo nusu ya mwaka wangu haikuwa ya kujenga. Ilikuwa ya kuuliza maswali yasiyopendeza. Nani atanunua sabuni? Nani atabadili koki ikivuja? Shimo likijaa, miaka kadhaa ijayo, gari la kunyonya litapita wapi ikiwa tumejenga ukuta hapa? Fundi alikasirika kidogo kwa swali hilo la mwisho, kisha akausogeza ukuta.

Kuhusu fedha, sikuwa na la kuwafundisha wanachama. Wanawake waliomo walitufundisha sisi. Wengi wao ni watu wa VICOBA, na VICOBA vina desturi ambayo naiona ni bora kuliko elimu ya vitabu vingi vya uhasibu. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, funguo tatu hukaa kwa watu watatu, na sanduku halifunguliwi ila mbele ya kikundi kizima, hesabu zikisomwa kwa sauti. Mfumo huo haukutoka Ulaya wala Marekani tu kama wengine wanavyodhani. Ulikuzwa vijijini Niger tangu mwaka 1991, wanawake wa huko wakiufanyia majaribio, ndipo ukaenea Afrika nzima. Chama chetu zamani kiliweka fedha kwa mhazini peke yake. Hakuibiwa hata senti, nataka hilo lieleweke. Lakini mtu mwaminifu naye anastahili kulindwa na uvumi, na kufuli tatu humlinda. Tangu tulipoiga desturi hiyo, ada zimekuja bila kukumbushwa sana.

Yako mengine ambayo hayana daftari. Chama kilizika. Chama kilikwenda hospitali kuona wagonjwa. Chama kilisimamisha watu wazima kando ya lami asubuhi watoto wakivuka, kwani barabara nzuri imetuletea pia mwendo ambao punda na mtoto hawajauzoea, na madereva wa masafa marefu hawajui kwamba Bonga si pori. Kwa hili tumeandika kuomba matuta na alama za kivuko. Nayo ni barua ambayo mwingine ataisomea jibu.

Basi kwa yule aniulizaye mtu wa mwaka mmoja atafanya kazi lini, namjibu kwamba swali lake lina kasoro. Linadhani kazi ni ya mwenyekiti. Kama ingekuwa yangu, ningehitaji miaka kumi, na baada ya miaka kumi nisingetoka. Nami nimeona vyama vilivyokufa pamoja na mwenyekiti wao kwa kuwa funguo, mihuri na siri vilikuwa mfukoni mwake. Afadhali mtu aondoke kitini wakati bado anajua njia ya kwenda shambani kwake. Jambo ninalolijutia kwa niaba ya utaratibu huu ni moja: mwaka mmoja ni mfupi mno kwa mtu mwenye haya, ambaye huhitaji miezi sita ili athubutu kumkatalia mkubwa. Kwa mtu kama huyo tumeweka sharti kwamba mwenyekiti ajaye achaguliwe Januari, akae karibu na aliyepo hadi Juni, aende naye kila ofisi na kuandika mwenyewe angalau barua mbili.

Mwanamke aliyekaa hivyo kando yangu ndiye anayeshika kiti sasa. Amekabidhiwa daftari la fedha, kitabu cha stakabadhi, mihutasari, nakala za barua tatu zisizojibiwa, na ufunguo mmoja wa sanduku. Vyoo vinatumika. Mlango wa tundu la tano haufungi vizuri, kwani mbao ilikuwa mbichi. Fundi seremala amelipwa nusu, na nusu iliyobaki imeandikwa kwa wino mwekundu katika ukurasa wa kwanza wa mwaka wake.